Sura ya Tano: Programu Iliyonyamazishwa

Bi Kwanini alipenda kuonyeshwa kuliko kuambiwa. Miaka yote aliyokuwa askari kanzu, na hata sasa alipostaafu na kuanza kupeleleza kwa mkataba, alishikilia kanuni hiyohiyo: mtu akikusimulia alichofanya atatia chumvi hapa na kupunguza pale, lakini mwekee vifaa vyake mbele umwambie arudie, utaona mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi ile hakukikalia kiti alichofutiwa vumbi. Alisimama katikati ya ofisi ya kituo cha kutotolea vifaranga, mkoba begani, miwani imeteremka hadi nchani mwa pua, akawatazama watu watatu waliojipanga ukutani kama wanafunzi waliochelewa shule.

"Jana mmenisimulia kwenye simu, tena kwa kunyang'anyana," alisema. "Leo nataka kuona. Nani anaanza?"

"Mimi!" alisema mwenye kituo, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Wafanyakazi wake walimwita Jogoo, ila si mbele yake, kwa sababu alifika kazini kabla ya kila mtu na hakunyamaza mpaka jua lizame. "Mbona mambo yako wazi, mama? Jumapili mashine ya nne ilipata joto kupita kiasi. Trei zote za mayai zikaharibika. Programu ya kututahadharisha tunayo, na aliyeiandika ni huyu hapa, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja." Akamnyooshea kidole kijana mwembamba aliyevimba shavu upande mmoja. "Programu haikusema neno. Kwa nini? Kwa sababu aliizima. Kwa nini aliizima? Wale washindani wetu wa ng'ambo ya barabara wamemnunua!"

"Mjomba, jamani," alisema kijana.

"Leo usiniite mjomba."

Mpwa akainamisha kichwa. Juu ya meza yake palikuwa na boksi la kadibodi, ndani yake kikombe, chaja na shati la akiba. Bi Kwanini aliliona akalielewa. Jogoo alikuwa amekata kauli: jioni ile, kama hapatatokea maelezo mengine, kijana angefungasha virago. Angeondoka kazini, na angeondoka pia katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjomba wake, alikoishi tangu amalize masomo. Mama yake kijana alikwisha kupigiwa simu na alikuwa safarini kuja kumchukua. Polisi hawakuitwa, maana Jogoo hakujua angemtazama vipi dada yake machoni baada ya hapo. Hata hilo la kumfukuza lilikuwa limemnyima usingizi, macho yake yalisema wazi.

"Tuanze na mtuhumiwa," alisema Bi Kwanini. "Kijana, nionyeshe hiyo programu yako."

Mpwa alifungua kompyuta yake ya mapajani. Vidole vyake vilipogusa vibonyezo, mabega yalimshuka, akawa mtu mwingine. Alibonyeza kitufe kimoja, na kwenye kioo likafunguka dirisha jeusi tii, lisilo na picha wala kitufe. Mistari ya maandishi meupe ikaanza kushuka: mashine ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa.

"Sasa naidanganya," alisema. "Naipa joto la uongo la mashine ya nne."

Papo hapo mstari mwekundu ukatokea: HATARI. MASHINE YA NNE. JOTO LIMEZIDI.

"Imesema," alikiri Bi Kwanini.

"Kila ninapoijaribu hapa kwangu inasema, mama. Tangu Jumapili sijafanya kazi nyingine. Nimeijaribu mpaka naiota."

"Lakini mbona haina sura? Nilidhani programu huwa na rangirangi."

Mpwa alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, kwa upande wa shavu usiouma. "Hii ni konsoli, mama. Ukishaandika msimbo wako, unaukompaili, yaani kompyuta inaugeuza uwe programu ya kuendesha. Ila kwanza unachagua lengo, unaiambia unataka itoke programu ya namna gani. Kuna ya konsoli, inayoongea kwa maandishi kwenye hili dirisha jeusi. Kuna ya dirisha la kawaida, lenye vitufe na picha, lakini hilo unalichora mwenyewe kitu kimoja kimoja. Mimi vitu vidogo vya haraka, na majaribio yangu yote, nafanya kwa konsoli. Naandika mistari michache, naendesha, najibiwa hapohapo. Kuchora vitufe kwa ajili ya kusoma joto ni kama kuvaa suti kwenda kuoga."

"Tageti," alidakia Jogoo kutoka ukutani. "Siku hizi wanaita tageti. Na ukikosea tageti..." Akakohoa, akatazama dari.

Bi Kwanini aligeuza shingo polepole. "Endelea, Bosi. Ukikosea tageti?"

"Ah, mimi nitajuaje? Nasikiasikia tu vijana wakiongea."

"Kijana, unamwambia mjomba wako habari za tageti?"

"Mimi?" alishangaa mpwa. "Nikianza kumweleza, Mjomba huniambia nisimchoshe, anachotaka yeye ni vifaranga."

Bi Kwanini alisema "aha", akapandisha miwani. Alipopandisha miwani, waliowahi kufanya naye kazi walijua ameokota kitu na kukitia mkobani.

Wakahamia chumba cha pili, ambako palikuwa na meza ya mhudumu wa mashine. Upande wa pili wa ukuta zilisimama mashine zenyewe, kubwa kama makabati ya nguo, zikinguruma kwa pamoja. Kutoka kila mashine ulitoka waya mwembamba uliopenya ukutani mpaka kwenye kompyuta ya mezani. Mhudumu, yule wa tatu aliyesimama ukutani, alikuwa msichana mchangamfu aliyeitwa Dada Trei kwa jinsi alivyobeba trei za mayai, moja juu ya nyingine, bila kuvunja hata moja.

"Jumapili nilikuwa zamu mimi," alisema. "Nikifika, kitu cha kwanza ni..."

"Usiniambie."

"Samahani." Dada Trei alikaa, akashika kipanya, akabonyeza mara mbili kwenye kialama kidogo kilichoandikwa *Joto*. Kioo kikafikiri kidogo. Kisha hakikutokea kitu chochote. Akabonyeza tena. Kimya. "Basi," alisema. "Nikaanza kazi."

Mpwa aliruka kutoka mahali pake. "Basi nini? Dirisha liko wapi?"

"Dirisha gani?"

"Jeusi! Lenye maandishi!"

"Aa, lile. Lile lilishaondoka."

"Limeondoka kwenda wapi? Dada Trei, lile dirisha ndilo linalosema!"

"Usinipandishie sauti, mimi si yai," alijibu Dada Trei. "Nilishalalamika kwamba lile lidude linanizibia kioo kizima, nikitaka kuandika idadi ya mayai natafuta pa kuandikia. Sasa haliji tena. Niliambiwa programu inafanya kazi kwa nyuma, na kukiwa na hatari itajitokeza yenyewe."

"Uliambiwa na nani?" aliuliza Bi Kwanini.

Dada Trei alifungua mdomo, akatupa jicho upande aliosimama Jogoo, kisha akaanza kunyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari. "Niliambiwa tu."

Bi Kwanini hakumkalia kooni. Alikwisha kugundua kwamba asubuhi nzima kila aliyeulizwa swali alimtazama Jogoo kwanza ndipo akajibu, na shahidi anayejibu kwa ruhusa hana faida. Aliliacha swali hilo lipoe.

"Jambo jingine," alisema Dada Trei, akifurahi kubadilisha mazungumzo. "Hii kompyuta siku hizi goigoi. Ukibonyeza leo inaitikia kesho."

"Goigoi tangu lini?"

"Tangu wiki hii hii."

"Kijana, kuna njia ya kujua programu gani zinaendeshwa humu ndani sasa hivi?"

Mpwa alifungua orodha ya programu zilizo kazini. Alitazama, akasogeza uso karibu na kioo, akapigwa na butwaa. Jina *Joto* lilikuwa limejipanga kutoka juu mpaka chini, mstari juu ya mstari, nakala chungu nzima. Kila Dada Trei alipobonyeza akaona kimya, alibonyeza tena, na kila alipobonyeza alizaa nyingine.

"Ziko hai," alinong'ona mpwa. "Zote ziko hai na zinasoma joto." Akashika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyeona ufunguo uliopotea ukining'inia mlangoni. "Mama, nimeona! Hii siyo programu niliyoiweka mimi. Msimbo ni wangu, lakini umekompailiwa kwa lengo la dirisha la kawaida badala ya konsoli. Na dirisha lenyewe hakuna aliyelichora! Sasa programu inasoma joto, inaona hatari, inaandika onyo, lakini haina pa kuliandikia. Maneno yote yanapotea hewani. Jumapili ilipiga kelele mpaka basi, ila kimyakimya."

"Kwa hiyo wewe unasema kweli kwamba inasema," alisema Bi Kwanini, "na Dada Trei anasema kweli kwamba hakuona kitu."

"Sisi sote wakweli!" alisema Dada Trei, akapiga makofi.

"Ngoja niirudishe ya zamani, ni dakika tu," alisema mpwa, mkono umeshafika kwenye kipanya.

"Usiguse!" Sauti ya kiaskari ilimrudia Bi Kwanini ghafla. "Huo ni ushahidi. Ubaki kama ulivyo mpaka nijue mkono uliofanya hivi. Faili hiyo imetengenezwa lini?"

Mpwa alichungulia. "Jumamosi."

"Na wewe Jumamosi ulikuwa wapi?"

Kijana aligusa shavu lake. "Kwa daktari wa meno. Siku nzima. Muulize mke wa Mjomba, ndiye aliyenishika mkono. Nilikuwa nalia."

"Ni kweli alilia," alisema Jogoo kwa sauti ndogo isiyo yake. Kijasho chembamba kilikuwa kimeanza kumtoka kwenye paji la uso. Halafu akajikaza na sauti ikarudi. "Lakini Jumamosi palikuwa na mtu mwingine hapa! Yule fundi umeme. Alikuwa wa kwangu, akahamia kwa wale wa ng'ambo ya barabara. Mlinzi alimwona akinyemelea uani. Mtu ameshaacha kazi hapa, anafuata nini? Mwiteni huyo, mtaona!"

Akaitwa. Ng'ambo ya barabara si mbali, na fundi umeme alifika na mkoba wake wa vifaa, akifuta grisi mikononi. Alikuwa mrefu wa kugusa fremu ya mlango kwa kichwa, lakini alipomwona Dada Trei alijikunja kama aliyepokea mzigo.

"Jumamosi ulikuja hapa," alisema Bi Kwanini.

"Nilikuja, mama."

"Kufanya nini?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Kumwona mtu."

"Sikiliza. Sitaki maelezo. Nionyeshe ulichofanya, hatua kwa hatua."

Fundi alimeza mate. Alitoka nje, akaingia upya, akatembea moja kwa moja mpaka mezani. Bi Kwanini alikaza macho kwenye mikono yake, akisubiri iende kwenye kipanya. Haikwenda. Fundi alisimama mbele ya Dada Trei, akavua kofia.

"Nilisimama hapa. Nikasema, habari za kazi. Akasema, nzuri. Nikasema, haya. Nikavaa kofia nikaondoka."

Bi Kwanini alingoja hatua inayofuata.

"Ndiyo hayo tu?" aliuliza Bi Kwanini.

"Nilikuwa nimepanga kusema mengi," alikiri fundi.

Dada Trei aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha meza. Mpwa naye akacheka mpaka jino likamkumbusha kwamba lipo. Hata Bi Kwanini alilazimika kutazama pembeni, maana mpelelezi akicheka katikati ya mahojiano kazi huharibika. Jogoo peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anajipepea kwa kifuniko cha trei.

"Bosi," alisema Bi Kwanini, "nenda nje umpigie dada yako simu. Muulize amefika wapi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, tafadhali."

Mlango ulipofungwa, Bi Kwanini alivuta kiti na kukaa kwa mara ya kwanza. "Haya, wanangu. Mwenye nyumba hayupo. Dada Trei, nani alikuambia programu inafanya kazi kwa nyuma?"

Dada Trei alisita. "Nilimwahidi sitasema. Alitaka kumshtukiza mtu."

"Huyo mtu anayetakiwa kushtukizwa, jioni hii anafukuzwa kazi."

Dada Trei alimtazama mpwa, akatazama shavu lake lililovimba, na ahadi ikamshinda. "Bosi mwenyewe," alisema. "Jumamosi ileile. Alikuja na fleshi, akaichomeka hapa, anacheka peke yake. Akasema, lile dirisha jeusi halitakusumbua tena, nimelitengeneza. Usimwambie mpwa wangu."

"Kweli hiyo," alisema fundi umeme. "Nilipopita penye dirisha la ofisi nilimsikia anapiga kelele peke yake: imekubali! Imekubali! Nilidhani ameshinda kitu redioni."

Mpwa alikaa chini, mdomo wazi. "Mjomba? Mjomba hajui hata kufungua barua pepe."

Mlango ulifunguka. Jogoo alisimama hapo, simu mkononi, akawatazama mmoja mmoja, na kwa jinsi walivyomtazama alijua mtama umeshamwagika.

"Dada yako amefika wapi?" aliuliza Bi Kwanini.

"Ameshapita darajani. Anakaribia."

"Basi tusipoteze muda. Bosi, tuonyeshe ulichofanya Jumamosi."

Jogoo hakubisha. Alitembea mpaka kwenye kompyuta ya ofisini, wengine nyuma yake, akaketi kwa uzito. Kwa kidole kimoja, cha shahada, alitafuta herufi moja baada ya nyingine mpaka akafungua programu ya kuandikia msimbo. Ndani yake palikuwa na nakala ya akiba ya kazi ya mpwa wake, ile ambayo kijana aliiweka humo ili kompyuta yake ikiibwa kazi isipotee. Jogoo alikwenda kwenye mipangilio. Palikuwa na kisanduku chenye machaguo, na lililochaguliwa lilikuwa *Dirisha*.

"Hapa," alisema. "Palikuwa pameandikwa konsoli. Mimi nikaona konsoli ni lile lidude jeusi linalomkera Dada Trei. Chini yake nikaona dirisha. Nikasema, dirisha ni kitu kizuri, nani asiyetaka dirisha? Nikabonyeza. Nikakompaili. Haikuleta kosa hata moja! Ikakubali!" Kwa nukta moja fahari ya Jumamosi ilimrudia usoni, kisha ikazimika. "Nikaipeleka kwa Dada Trei nikaona dirisha jeusi halipo. Nikajua nimefaulu."

"Hukuona kwamba na hilo dirisha zuri halipo?" aliuliza mpwa.

"Nilidhani linakuja mambo yakiharibika."

"Na leo asubuhi?" aliuliza Bi Kwanini. "Pale ulipokohoa?"

"Leo asubuhi alipoonyesha lile jeusi likisema hatari, nilishtuka. Nikajiuliza, na langu mimi linasemea wapi? Nikaogopa. Nikamtaja fundi wa watu bure." Alimgeukia fundi umeme. "Unisamehe, bwana."

"Hakuna neno, Bosi. Bila wewe nisingerudi hapa leo," alisema fundi, na Dada Trei akatazama kucha zake.

"Lakini Mjomba," alisema mpwa, "msimbo ulijifunzia wapi?"

Jogoo aliinama. Sauti iliyozoea kuamsha mtaa ilitoka kama ya mtoto. "Kwenye simu. Kuna masomo. Kila siku alfajiri kabla hujaamka. Wewe ukikaa mezani kula, unaongea na marafiki zako mambo ya msimbo, unacheka, mimi sielewi hata neno moja. Nakuambia usinichoshe kwa sababu naona aibu. Nikasema nitajifunza, siku moja nikutolee programu mezani, na sisi tucheke pamoja."

Mpwa hakujua afanye nini na mikono yake. Hatimaye aliuweka mmoja begani kwa mjomba wake na kuuacha hapo. Alikuwa na furaha, na hakujisumbua kuificha.

"Umekosea kitu ambacho kila anayeanza hukosea, Mjomba," alisema. "Mimi nilikosea hivyohivyo kwenye mchezo wa kompyuta nilioutengeneza. Niliwatumia marafiki wote nikasubiri sifa. Hakuna aliyeona kitu."

"Basi kesi imekwisha," alisema Bi Kwanini akifunga mkoba. "Ushahidi nimeuona kwa macho. Sasa unaweza kugusa. Irudishe ile inayosema."

"Mjomba aifanye mwenyewe," alisema mpwa.

Jogoo alivuta pumzi. Kidole cha shahada kikaenda kwenye kisanduku, kikashuka, kikachagua *Konsoli*. Akakompaili. Kompyuta ikakubali, ila safari hii hakupiga kelele. Mpwa akaichukua kwa fleshi, akarudi mezani kwa Dada Trei, akaziua zile nakala bubu zote, akaweka iliyo sahihi na kuibonyeza.

Dirisha jeusi likafunguka na kuziba kioo kizima. Mashine ya kwanza: sawa.

HATARI. MASHINE YA PILI. JOTO LIMEZIDI.

"Unaidanganya tena?" aliuliza Bi Kwanini.

"Hapana, mama," alisema mpwa, na rangi ikamtoka. "Hii ni ya sasa hivi."

Mashine ya pili ndiyo iliyokuwa na mayai yaliyokaribia kabisa kuanguliwa. Tangu Jumapili Dada Trei alikuwa akizipitia mashine zote na kusoma kipimajoto cha kila moja, lakini asubuhi ile yote alikuwa anahojiwa. Bi Kwanini alilielewa hilo kabla ya mtu kumwambia, na alielewa pia kwamba lile neno lake la "usiguse" ndilo lililochelewesha onyo. Hakungoja kulitafakari. Alivua viatu na kukimbia na wenzake.

Dada Trei alifika wa kwanza na kufungua matundu ya hewa. Joto likawapiga usoni. Fundi umeme alitia sikio kwenye ubavu wa mashine, akasikiliza, akasema, "Feni haizunguki," na kabla Jogoo hajamaliza kusema "Mungu wangu" alikuwa ameshafungua kifuniko cha nyuma. Mkanda wa feni ulikuwa umechomoka kwenye gurudumu lake. "Nipe mwanga!" Dada Trei alimulika kwa simu, mkono wa pili umemshika bega asianguke, na kwa hali ile fundi hakukumbuka kuona haya. Alirudisha mkanda, akakaza nati, akatoa mkono. Feni ikakohoa, ikazunguka.

"Inasemaje?" aliita Jogoo kwa sauti iliyotikisa trei.

"Bado hatari!" mpwa alijibu kutoka kwenye kompyuta.

Walisubiri. Jogoo alishikilia mlango wa mashine kwa mikono miwili kana kwamba anaisaidia kupumua.

"Na sasa?"

"Inashuka! Mjomba, inashuka! Bado kidogo... Sawa! Imesema sawa!"

Kisha mngurumo wa feni ulipotulia, wakasikia kitu kingine. Kilikuwa chembamba, kinatoka ndani ya trei, nyuma ya kioo. Yai moja lilikuwa limepasuka ncha, na ndani ya tundu kidomo kilifunguka na kufumba, kikilia. Pembeni yake jingine likatikisika. Dada Trei alicheka na kulia kwa pamoja. Fundi umeme alivaa kofia kinyumenyume, akaivua, akasema, "Dada Trei, Jumamosi nilichotaka kusema ni kwamba..." na safari hii akaongea mpaka mwisho, ingawa vifaranga walizidi kupiga kelele na hakuna mwingine aliyesikia.

Mpwa alikuja akasimama mlangoni. Jogoo alimwendea, akamkumbatia kwa nguvu, shavu bovu na lote.

"Nisamehe, mjomba," alisema, akimwita kama wajomba wanavyowaita wapwa zao.

"Shavu, Mjomba! Shavu!"

Bi Kwanini alikuwa anatafuta kiatu chake cha pili chini ya meza wakati simu ya Jogoo ilipolia. Jogoo alitazama jina, akafuta macho kwa kiganja, akapokea.

"Dada, uko getini? Ingia, ingia ndani. Hapana, hutamchukua mtu hapa, boksi lake nalifungua mwenyewe. Ingia haraka, nina kosa la kukuambia, na nataka unigombeze mbele yake."